Majivu ya Mnyama Wako: Uthibitisho Hutafutwa Kabla ya Moto

Siku hizi ofisi ya mifugo hapa Malindi inapokea malalamiko ya wafugaji wa mbwa na paka, wengi wao wa upande wa Casuarina, wanaotilia shaka majivu waliyokabidhiwa baada ya kulipia mnyama wao achomwe. Shaka hiyo si ya kipuuzi, kwani mwaka 2025, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mwenye biashara ya aina hii alishtakiwa kwa madai ya kuwapa maelfu ya wateja majivu yasiyo yao.

Hata hivyo, ofisi haiwezi kupima majivu na kutamka ni ya nani. Joto la tanuri, ambalo kwa kawaida huzidi nyuzi 700, huteketeza vinasaba (DNA), na kinachobaki ni madini ya mifupa yaliyosagwa. Anayetuletea kopo la majivu akidai kipimo cha DNA anajisumbua bure, sawa na anayeyachekecha majivu akitafuta mikrochipu, yaani kifaa kidogo chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mnyama, ambayo haistahimili moto huo. Rangi ya majivu nayo si hoja. Uzito hutoa fununu tu: majivu huwa takriban asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa mwili, kwa hiyo paka wa kilo 4 akirudi na majivu ya kilo nzima, mwenyewe ana haki ya kuuliza.

Ushahidi, basi, ni ule uliowekwa kabla ya moto. Mwili upimwe uzito mbele yako, mikrochipu isomwe na namba yake yenye tarakimu 15 iandikwe kwenye risiti, kisha mnyama afungwe kibati cha chuma chenye namba kitakachoingia naye tanurini na kurudi pamoja na majivu. Risiti iseme waziwazi kama anachomwa peke yake, au pamoja na wengine waliotenganishwa kwa matofali, ambapo kuchanganyika kidogo hakuepukiki, au kwa jumla, ambapo hakuna majivu ya kurudishiwa. Wenye nyumba walio ng'ambo, ambao humwachia mtunza nyumba kazi yote, wampe maagizo haya kwa maandishi.

Mnyama aliyemuuma mtu kabla ya kufa, au aliyeshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa, asichomwe wala kuzikwa kabla ya kutoa taarifa kwa afisa wa mifugo, kwa sababu ugonjwa huo huthibitishwa kwa kupima ubongo. Aliyeumwa asisubiri majibu ya maabara. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali mara moja.

Mlalamikaji aanze kwa kumwandikia mtoa huduma. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 humruhusu mteja aliyedanganywa kuvunja makubaliano kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu yafanyike, si tangu alipoanza kushuku. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, na mwenendo wa daktari wa mifugo hushughulikiwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Ambatanisha nakala ya risiti na picha ya kibati. Kopo lenyewe libaki nyumbani.