Je, wajua sona ya manowari humuuaje nyangumi aliye kilomita kadhaa mbali nayo?

Mtu akisikia kwamba nyangumi wamekutwa wamekufa ufukweni baada ya luteka za jeshi la majini, maelezo yanayomjia haraka ni kelele: sona, kifaa cha kutafuta vitu majini kwa sauti, imepiga kwa nguvu, masikio ya mnyama yamepasuka, akapoteza mwelekeo, akakwama. Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi hata yakaonekana hayahitaji ushahidi. Kwa kundi la nyangumi linaloathirika vibaya zaidi na sona, sicho kinachowaua. Na kosa hilo lina gharama, kwa sababu sehemu kubwa ya kanuni zinazosimamia mazoezi ya wanamaji imejengwa juu ya hofu ya kuumiza masikio.

Kundi lenyewe ni la nyangumi wenye mdomo uliochongoka kidogo kama wa pomboo, familia inayoitwa kitaalamu Ziphiidae. Hapa nitawaita nyangumi-domo. Anayejulikana zaidi kati yao ni nyangumi-domo wa Cuvier, mnyama wa mita 5 hadi 7 ambaye hata mabaharia humwona kwa nadra, maana huibuka kwa dakika chache kisha huzama tena. Amepimwa akifika kina cha mita 2,992. Hakuna mamalia mwingine aliyepimwa akishuka zaidi ya hapo.

Sona inayolaumiwa ni ya masafa ya kati, yaani mlio usio mzito sana wala mwembamba sana. Hufungwa chini ya manowari, hutoa mlio wa kilohezi 3 hivi, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye nyambizi. Nyambizi zinazotumia betri ziko kimya mno, hivyo kutega sikio tu hakutoshi. Na kazi hii haifundishiki darasani peke yake: mwangwi hubadilika kwa joto la maji, chumvi na umbo la sakafu ya bahari. Ndiyo maana mazoezi hufanyika baharini, na mara nyingi penye kina kirefu karibu na visiwa, mahali ambapo nyangumi-domo nao hupenda kuwinda ngisi.

Tarehe 24 Septemba 2002, manowari za nchi kadhaa zilikuwa kwenye luteka karibu na visiwa vya Canary vya Hispania. Baada ya muda wa saa 4 hivi tangu sona ianze kutumika, nyangumi-domo walianza kukwama kwenye fukwe za Fuerteventura na Lanzarote. Jumla walikuwa 14. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Las Palmas de Gran Canaria, akiwemo Antonio Fernández, waliwahi kupasua mizoga 10. Walikuta damu imevuja sehemu nyingi, ikiwemo karibu na masikio, jambo lililowapa nguvu walioshikilia maelezo ya zamani. Lakini walikuta pia kitu ambacho mlio mkali hauwezi kukieleza peke yake: viputo vya gesi ndani ya mishipa ya damu, na matone ya mafuta yaliyosafiri na damu hadi kuziba mishipa midogo ya viungo muhimu. Ni dalili zinazofanana na za mzamiaji aliyeibuka haraka kutoka kina kirefu.

Ili kuelewa viputo hivyo, fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu, ingawa gesi imejaa tele. Imeyeyuka ndani ya kinywaji kwa kushikiliwa na mgandamizo. Legeza kizibo kidogo kidogo, gesi itatoka kwa utulivu. Kifungue ghafla, povu litapanda hadi limwagike. Katika mwili wa mnyama anayezama, kizibo ni uzito wa maji. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaolingana na wa hewa yote iliyo juu ya bahari, hivyo kwenye mita 1,000 mwili unabanwa karibu mara 100 zaidi ya juu. Nitrojeni iliyo kwenye mapafu husukumwa kuingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu huingia kwenye mafuta, ambayo nyangumi anayo mengi.

Nyangumi-domo ana njia zake za kuishi na chupa hiyo. Hapumui akiwa chini, na akishuka vya kutosha mapafu yake hujikunja, hivyo gesi haipiti tena kwenda kwenye damu. Hatari iko kwenye kina cha kati, ambako mapafu bado yanapitisha gesi huku mgandamizo ukiwa tayari mkubwa. Mienendo yake ya kawaida ni ya mtu mwenye subira: huzama zaidi ya mita 1,000 kwa karibu saa nzima, hupanda polepole kuliko alivyoshuka, kisha hufanya mizamo mifupi kadhaa kabla ya kwenda chini tena. Kizibo kinalegezwa taratibu.

Mwogofye mnyama huyu, na utaratibu wote unavurugika. Hapa ndipo ushahidi unapoanza kuwa mwembamba, na ni haki kusema hivyo. Huenda anapanda kasi kupita kiasi. Huenda anabaki akizama na kuibuka kwenye kile kina cha kati. Huenda woga wenyewe unabadilisha mapigo ya moyo na mwendo wa damu, na kufuta kinga ambayo mwili huiweka wakati wa kuzama. Hakuna aliyewahi kushuhudia viputo vikijengeka ndani ya nyangumi aliye hai baharini. Linalokubaliwa na wataalamu wengi ni mfuatano: sauti huleta woga, woga huvuruga mzamo, mzamo uliovurugika huleta viputo.

Woga huo hauhitaji mlio mkali. Katika majaribio ya kusini mwa California yaliyochapishwa mwaka 2013, nyangumi-domo wa Cuvier wawili walifungwa vifaa vya kurekodi, kisha wakapigiwa sauti ya sona ya majaribio kutoka umbali wa kilomita 3.4 hadi 9.5. Waliacha kuwinda, wakanyamaza, wakaondoka kwa kasi na kurefusha mizamo yao. Sauti iliyowafikia ilikuwa kati ya desibeli 89 na 127. Namba hizo zisikutishe, kwa kuwa desibeli za majini na za hewani hazipimwi kwa kipimo kimoja. Ili kulinganisha nguvu ya sauti, toa takriban 62. Kwa hiyo hata desibeli 127 za majini zinakaribia nguvu ya mazungumzo ya kawaida ya watu wawili. Mmoja wa wanyama hao alisikia pia sona halisi ya manowari kutoka mbali zaidi na hakushtuka vile, kwa hiyo umbali nao una uzito wake, na wanyama wawili si wengi.

Sasa tazama sheria. Marekani, ambako suala hili limepiganiwa mahakamani zaidi, ina Sheria ya Kulinda Mamalia wa Baharini ya mwaka 1972. Inakataza kuwinda, kukamata, kuua na hata kuwasumbua. Jeshi la majini halijasamehewa, bali huomba kibali kutoka idara ya serikali inayosimamia uvuvi na viumbe wa baharini. Maombi huambatana na makadirio ya kompyuta ya wanyama watakaosumbuliwa au kujeruhiwa. Ndiyo maana husikika kwamba kibali kimoja kimeruhusu mamilioni ya madhara: karibu yote ni matukio ya usumbufu yaliyokadiriwa, na mnyama mmoja anaweza kuhesabiwa mara nyingi. Idara hutoa kibali ikiridhika kwamba athari kwa jamii nzima ya mnyama husika ni ndogo sana, na kwamba jeshi limepunguza madhara kadiri inavyowezekana.

Kupunguza huko kwa miaka mingi kumemtegemea mlinzi aliyesimama sitahani na darubini. Nyangumi akionekana ndani ya yadi 1,000, nguvu ya sona hushushwa kwa desibeli 6. Ndani ya yadi 500, kwa desibeli 10. Ndani ya yadi 200, yaani mita 180 hivi, sona huzimwa. Ni utaratibu unaofaa kulinda masikio ya mnyama aliye karibu na anayeonekana. Nyangumi-domo hayuko karibu wala haonekani.

Mwaka 2008 ugomvi wa yadi ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakama za chini zilikuwa zimeamuru sona izimwe nyangumi akionekana ndani ya yadi 2,200, takriban kilomita 2. Tarehe 12 Novemba, kwa uamuzi ulioandikwa na Jaji Mkuu John Roberts, sharti hilo liliondolewa kwa hoja kwamba maslahi ya mafunzo ya kijeshi yalikuwa mazito zaidi. Watetezi wa mazingira waliumia, na nawaelewa. Lakini hata kilomita 2 zao zingemwacha nje mnyama aliyekimbia akiwa kwenye kilomita 9.

Kinachomfikia ni kanuni ya mahali, yaani kuzuia au kubana sona katika eneo zima wanamoishi wanyama hao. Mwaka 2015 Jaji Susan Oki Mollway wa mahakama ya shirikisho huko Hawaii aliamua kwamba vibali vya Hawaii na California vilikiuka sheria, na makubaliano yaliyofuata yakazuia au kubana sona na milipuko katika baadhi ya makazi muhimu ya wanyama hao. Hispania ilikuwa imetangulia: mwaka 2004 ilipiga marufuku sona hiyo kuzunguka visiwa vya Canary. Mwaka 2013 Fernández na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu marufuku hayo hapajatokea mkwamo mwingine wa halaiki wa nyangumi-domo visiwani humo. Mizoga mingine huzama bila kuonekana, kwa hiyo fukwe tupu si ushahidi kamili. Hata hivyo, sijaona sharti lingine la sona lenye matokeo yanayolikaribia hili.

Katika bahari yetu, tuhuma kama hiyo iliibuka Aprili 2006, mamia ya pomboo walipokufa Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Wengi waliitaja sona ya manowari za Marekani, lakini haikuthibitishwa. Tukio la ng'ambo ya pili lilichunguzwa hadi mwisho: mwaka 2008 nyangumi wadogo wapatao 100, wa jamii ya bahari kuu, waliingia kwenye ghuba ya Loza, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na wengi wao wakafa. Jopo huru lilitoa ripoti mwaka 2013 na kusema kichocheo kinachoelekea zaidi kuwa ndicho ni sona ya kilohezi 12 ya meli iliyokuwa ikipima sakafu ya bahari kwa ajili ya utafutaji wa mafuta. Meli hiyo haikuwa ya jeshi, na kanuni za luteka zisingeigusa.