Ubongo unavyoamua ni sauti gani umeisikia

Zoezi la kwanza nililopewa nilipoanza kusomea fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, lilionekana jepesi: nirekodi silabi "di" na "du", kisha nikate irabu katika kila moja hadi ibaki d peke yake. Nilianza kukata kutoka mwisho, milisekunde chache kila mara, na kila nilipocheza kipande kilichosalia nilisikia "di" ileile, fupi zaidi. Halafu, baada ya mkato mmoja tu, silabi ikatoweka, na nikabaki na mlio mwembamba unaopanda kama wa ndege. Kwa upande wa "du" mlio uliobaki ulikuwa ukishuka. Nilirudia kazi hiyo jioni nzima, wala sikupata kipande ambacho mtu angekisikiliza na kusema kwamba hii ndiyo d.

Sikuwa nimekosea kukata. Ulimi unapotamka d tayari unajiweka mahali pa irabu inayofuata, kwa hiyo konsonanti na irabu husafiri pamoja katika mawimbi yaleyale ya hewa, na umbo la d hubadilika kulingana na jirani yake. Katika mazungumzo ya kawaida, ambapo tunatamka sauti kati ya 10 na 15 kwa sekunde, hakuna mipaka kama ile tunayoiona kati ya herufi zilizoandikwa. Mipaka hiyo tunaiweka sisi, ndani ya ubongo.

Sikio lenyewe hufanya sehemu ya mwanzo ya kazi hiyo. Ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, mna utando ambao sauti nyembamba huutikisa karibu na mlango na sauti nzito huutikisa mwishoni, hivyo mchanganyiko wa sauti hutenganishwa kwa masafa yake, yaani wingi wa mitetemo kwa sekunde, kabla haujaingia kwenye neva. Chembe zinazopeleka habari hiyo ni kama 3,500 tu katika kila sikio, nazo huhudumiwa na nyuzi za neva zipatazo 30,000. Habari hupita vituo kadhaa katika shina la ubongo hadi kufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, upande wa juu kidogo ya sikio.

Hapo ndipo mambo yanaponivutia zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha vipimo vilivyochukuliwa moja kwa moja juu ya gamba hilo, kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa vinasa umeme kwa ajili ya matibabu yao. Mtu angetarajia kukuta sehemu ya p, sehemu ya t na sehemu ya s. Badala yake, sehemu moja iliitikia vipasuo kwa jumla, yaani p, t, k, b, d na g. Nyingine iliitikia vikwamizo kama s na z. Nyingine nazali kama m na n, na nyingine aina fulani za irabu. Kwa hiyo ubongo hutambua sifa za matamshi, na sauti tunayodhani ni kitu kimoja ni mkusanyiko wa sifa hizo.

Chukua maneno "pata" na "bata". Midomo hufanya kazi ileile katika yote mawili. Tofauti kubwa ni wakati ambao nyuzisauti zinaanza kutetema. Kwa kompyuta tunaweza kutengeneza silabi nyingi kati ya "ba" na "pa", kila moja ikichelewesha mtetemo huo kidogo kuliko iliyotangulia. Msikilizaji hasikii safari ya polepole. Anasikia "ba", "ba", "ba", kisha "pa", "pa", na silabi mbili zilizo upande mmoja wa mpaka humwia vigumu kuzitofautisha hata kama zimepishana kwa kiasi kilekile na zile mbili zilizo pande tofauti. Kwa wasikilizaji wa Kiingereza mpaka huo uko pale mtetemo unapochelewa kwa karibu milisekunde 25 baada ya midomo kufunguka.

Mpaka hauko mahali pamoja kwa lugha zote. Katika baadhi ya lahaja za Kiswahili, "paa" mnyama hutamkwa kwa mpumuo, yaani pumzi inayosikika baada ya p, na "paa" la nyumba bila mpumuo, na wenye lahaja hizo huyasikia kama maneno mawili; wengine wetu husikia neno moja, ingawa masikio yetu yamepokea mawimbi yaleyale. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha kuwa hata watoto wa mwezi mmoja hutofautisha b na p, na mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kuwa watoto wanaolelewa kwa Kiingereza hutambua tofauti za sauti za Kihindi wakiwa na miezi 6 hadi 8, lakini wengi wao huacha kuzitambua wanapokaribia kutimiza mwaka. Wapo wanaosema mtoto amepoteza uwezo. Mimi naliona neno hilo kuwa kali mno, kwa sababu anachofanya mtoto ni kuelekeza usikivu wake kwenye tofauti zinazobeba maana katika lugha yake.

Ndiyo maana huniuma kusikia mtu akichekwa kwa kuchanganya "kula" na "kura", au "mahali" na "mahari". Ikiwa lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r, ubongo wake uliziweka sauti hizo katika fungu moja kabla hajajua kutembea, na kumwamuru arudie neno kwa sauti kubwa zaidi hakumpi kitu kipya cha kusikia. Wazungumzaji wa Kijapani watu wazima, wanaopata shida hiyohiyo katika Kiingereza, wameboreka walipopewa mazoezi ya kusikiliza jozi za maneno kutoka kwa wasemaji wengi tofauti na kuambiwa papo hapo kama wamejibu sawasawa. Kwa wengi wao matamshi nayo yaliboreka, ingawa mazoezi yalikuwa ya kusikiliza tu.