Mtoto Anaanza Kusoma kwa Masikio

Muhula wa tatu ukikaribia kwisha, wazazi wengi wanaofika katika idara yetu ya elimu ya awali huja na swali lilelile. Mtoto anamaliza topu, darasa la mwisho la nasari, mwakani anaingia darasa la kwanza, na shule wanayoitaka imesema itamfanyia intaviu. Wanunue kitabu gani? Jibu letu huwa haliwafurahishi. Tunawaambia waache kitabu kwanza, wamsikilize mtoto: anajua kwamba neno analolitamka limeundwa kwa sauti?

Haraka yao tunaielewa. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 iliacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi, na UPE, yaani elimu ya msingi bila ada, iliyoanza mwaka 1997, inamchukua mtoto kuanzia darasa la kwanza tu. Kabla ya hapo kila shilingi inatoka mfukoni mwa mzazi, na asiye nayo hukaa na mwanawe nyumbani. Wale waliokuwa na watoto wadogo wakati wa korona wanakumbuka zaidi: nasari zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa hadi Januari 2022. Kwa maelfu ya watoto, mwalimu wa kwanza alikuwa mama, baba, dada mkubwa au jaja, yaani bibi au babu. Kwa hiyo mafunzo ya nyumbani si jambo la ziada. Shida ni namna tunavyoyaanza.

Mwandikie mtoto wa topu neno «mama» kwenye karatasi, umwambie asome. Wengi wataweka kidole kwenye kila herufi na kukuambia: em, ei, em, ei. Halafu kimya. Ukisubiri kidogo atakutazama usoni, abahatishe: «Mami?» Herufi zote nne amezitaja sawasawa, wala hajasoma kitu. Alichofundishwa ni majina ya herufi kwa Kiingereza, tena kwa wimbo, na majina hayo hayaungani kuwa neno. Em na ei, hata uziseme kwa kasi gani, hazizai «ma». Ndiyo maana tofaa la ukutani, lile la «A for apple» linalosimama badala ya herufi ya kwanza katika kila nasari, halimsaidii sana mtoto. (Ukiwatoa watu wa Kabale wanaolilima, wengi wetu tofaa tunalionea barabarani Kampala, na bei yake si ya kila siku.)

Kusoma ni kuoanisha alama na sauti. Alama ni ngeni kwa mtoto, lakini sauti anazo tangu alipoanza kusema. Kazi ya nyumbani, basi, ni kumfanya azisikie: atambue kwamba «kiti» ina vipande viwili, kwamba «Amina» na «Akello» yanaanza kwa sauti moja, na kwamba ukiondoa «ki» kwenye «kikombe» unabaki na «kombe». Mtoto anayeweza hayo akiwa na miaka minne au mitano, herufi zikija zinapata pa kukaa.

Na hapa hakuna cha kununua. Uko jikoni, mkono mmoja uko kwenye unga, unamwita: «Niletee ki… ji… ko.» Mwanzoni atasimama akikushangaa. Rudia polepole, acha pengo kati ya vipande, naye atakwenda kukichukua. Siku nyingine iwe si-gi-ri, sa-ha-ni, ki-be-ri-ti. Akishazoea, geuza: yeye aseme kwa vipande, wewe ndiye utafute. Watoto wanapenda sana zamu hiyo, hasa mkubwa akijifanya amekosea akaleta sufuria badala ya sahani. Njiani kwenda kisimani au ndani ya taksi, chezeni ule mchezo wa kuona: «Naona kitu kinaanza na mmmm.» Tamka sauti yenyewe, mmmm, usitaje jina la herufi. Mti! Matoke! Muwa! Majina ya watu wa nyumbani pigieni makofi, kofi moja kwa kila silabi, muone nani ana jina refu kuliko wote.

Vitendawili pia ni mali. «Kitendawili!» «Tega!» «Nyumba yangu haina mlango.» Kabla hajajibu yai, mtoto amelazimika kushika maneno kichwani, kuyageuza na kutafuta maana iliyojificha, na kazi hiyohiyo ataifanya baadaye akisoma aya nzima. Hadithi za jioni ni hivyohivyo. Wakayima kwa Waganda, Apwoyo kwa Waacholi, Sungura kwa wengine wote: ujanja ni uleule, na kila hadithi inamletea mtoto maneno ambayo hayasikii katika «kula», «njoo» na «nyamaza». Mtoto asiye na maneno mengi anaweza kusoma kwa sauti nzuri asielewe alichosoma. Kwa hiyo mzazi au bibi asiyejua kusoma asijitoe kwenye kazi hii. Anayo nusu yake.

Swali linalofuata ni la lugha, na kwa nyumba zetu si jepesi. Katika kambi za polisi na jeshi, kwa Wanubi wa Bombo, sokoni Busia, Arua, au makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa familia zilizotoka Kongo, mtoto anaweza kuzungumza Kiswahili na mama, Kiganda na majirani, kisha akakutana na Kiingereza shuleni. Mtaala wa madarasa ya chini ulioanza mwaka 2007 unataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya eneo lake, Kiingereza kikiwa somo, na darasa la nne liwe la kuvukia. Mijini, ambako darasa moja lina makabila kumi, shule nyingi huingia Kiingereza moja kwa moja. Mzazi anaona ni afadhali naye aanze hukohuko.

Mimi nashauri kinyume. Chagua lugha ambayo mtoto anaota nayo, anagombana nayo na anaombea chakula nayo. Akishajua siri ya kuunganisha sauti kwa lugha moja, hatahitaji kuijua upya kwa lugha ya pili. Atakachoongeza ni maneno na tahajia. Kama lugha hiyo ni Kiswahili, ana bahati: irabu ni tano, a e i o u, na kila moja husomwa namna moja popote ilipo. Ukisoma «kuku» leo, kesho itasomeka vilevile. Kiingereza hakina huruma hiyo. Kiganda, Kisoga na Kinyankore nazo zinatumia irabu hizohizo tano, hivyo mtoto anahama kutoka moja kwenda nyingine bila taabu kubwa. Yapo machache ya kuangalia. Kiganda huandika irabu mbili pale sauti inaporefuka, na urefu huo hubadili maana: okusala ni kukata, okusaala ni kuswali. Tena «ki» ya Kiganda hutamkwa karibu na «chi». Mtoto akiuliza, mwambie tu kwamba Kiganda kina desturi yake. Hatachanganyikiwa kama tunavyoogopa sisi wakubwa.

Masikio yakishafunguka, lete herufi, lakini usilete zote kwa pamoja. Anza na irabu tano, zitamkeni hadi azichoke. Ongeza konsonanti nne tu: m, k, t, b. Tayari una silabi ishirini, kuanzia ma me mi mo mu hadi ba be bi bo bu, na kutoka humo mtoto anajisomea mwenyewe kuku, kiti, bata, kaka, keti, toka, boti, mama, hata kamata. Kata vipande vya boksi la biskuti, andika silabi moja kwenye kila kipande, mpe azipange chini. Siku atakapoweka «ba» na «ta» pamoja, akakuletea bata ambaye hukumwandikia, usimkatize kwa somo jingine. Mwache amwonyeshe kila mtu nyumbani. Miambatano kama mb, nd, nj, ng' na ny isubiri. Hiyo huja mtoto akishajiamini, kwa maneno anayoyajua kama ndizi na embe.

Watoto wanaokwenda madrasa tayari wamekutana na mbinu hii bila sisi kuwaambia. «Ba fataha ba, ba kasra bi, ba dhumma bu»: konsonanti inakutana na irabu, inatoka silabi. Ustadhi na mwalimu wa nasari wangekaa pamoja wangegundua wanafundisha jambo moja. Tofauti ni upande wa kuanzia, kwa kuwa Kiarabu kinatoka kulia. Kwa hiyo ukisoma Kiswahili na mtoto huyo, pitisha kidole chini ya maneno kutoka kushoto kila mara, bila maelezo mengi.

Kidole hicho kinafaa kwa kila mtoto. Mkae naye upande mmoja, kitabu kiwe kati yenu, asiwe mbele yako kama mtahiniwa. Picha kwanza: «Huyu anafanya nini? Unadhani atakwenda wapi?» Kisha soma, simama katikati, uliza swali ambalo jibu lake si ndiyo wala hapana. Akitaka kitabu kilekile jioni ya kumi, msomee. Kurudia kunamchosha mzazi, lakini kwa mtoto ndiko kunakoyafanya maneno yawe yake. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha, kila siku, na mkiacha yeye bado anataka, ni vizuri zaidi.

Vitabu ni ghali, tena vya Kiswahili madukani Uganda si vingi, ingawa tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba lugha hii ifundishwe shuleni tunategemea vitaongezeka. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kupata hadithi fupi za picha bila malipo katika African Storybook, kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi za Afrika. Mzazi aishike simu mwenyewe na kusoma na mtoto. Ukimwachia, dakika mbili baadaye yuko kwenye katuni. Wasio na simu wana pakiti ya chumvi, mfuko wa unga, kibao cha stendi ya boda na rangi ya kibanda cha kutuma pesa. Mtoto akipita akasema «hapa ni Airtel», amesoma rangi tu, si herufi. Lakini amekwisha kujua kwamba maandishi yana ujumbe. Mwonyeshe sasa ile A ya mwanzo, na kwamba ndiyo ya Amina.

Kuandika kusiharakishwe. Vidole vya miaka mitatu havijakaza, na kumjazisha kurasa za a a a a kwa penseli kunamfundisha kuchukia daftari. Achore kwa kijiti vumbini, afinyange udongo, apewe donge la unga wa chapati alizungushe liwe o, alinyooshe liwe i. Neno la kwanza la kuandika liwe jina lake. Akigeuza b ikawa d, usiogope. Watoto wengi hufanya hivyo hadi miaka sita au saba.

Kuhusu zile intaviu nitasema wazi: shule inayompima mtoto wa miaka mitano kwa kumsomesha sentensi za Kiingereza inapima mfuko wa wazazi kuliko akili ya mtoto. Tusizilete nyumbani. Usimlinganishe na mtoto wa jirani mbele yake, usimpe «namba» kama ripoti, na kiboko kisikaribie kitabu. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Sioni kwa nini sebule iwe kali kuliko darasa.

Lakini yapo mambo ambayo mazoezi peke yake hayatatui. Mtoto akisema «ehe?» kila mara, akipenda redio iwe juu sana, akitokwa na usaha masikioni, au akisogeza kitabu hadi puani, huenda hasikii au haoni vizuri. Simama nyuma yake, asikuone, umwite jina kwa sauti ya chini. Fanya hivyo siku mbili tatu, kwa sababu mtoto mwenye mchezo mkononi naye hajibu. Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalihusishi na kusoma ni malaria kali iliyopanda kichwani. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12, ukakuta kwamba miaka miwili baada ya ugonjwa huo, karibu robo yao bado walikuwa na upungufu katika kukumbuka, kutulia au kujifunza. Mtoto wa namna hiyo si mvivu. Mpeleke kituo cha afya, mweleze mhudumu kwamba aliwahi kulazwa kwa degedege au kupoteza fahamu, na uombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Nakala ya barua hiyo mpe mwalimu wake wa darasa la kwanza siku ya kuandikisha, ili amkalishe mbele na ampe muda zaidi.