Kundi la WhatsApp Pekee Si Jumuiya ya Kujifunza

Walimu wengi wa shule za msingi jijini Nairobi huamini kwamba aliyejiunga na kundi la WhatsApp la walimu wenzake tayari yumo katika jumuiya ya kitaaluma ya kujifunza. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, makundi hayo yamewapunguzia wengi mzigo kwa maazimio ya kazi na maandalio ya somo yaliyo tayari. Hata hivyo, kupokea faili si kujifunza.

Jumuiya halisi huanzia kwenye tatizo la wanafunzi. Walimu wachache, tuseme sita wa Gredi ya 6, hugundua kwamba wanafunzi wao wakijumlisha 1/2 na 1/3 hupata 2/5. Hulinganisha madaftari, hukubaliana njia moja ya kulifundisha somo hilo, huijaribu darasani wiki hiyohiyo, kisha hurejea na picha za kazi za wanafunzi, majina yakiwa yamefichwa, zikiwemo zile zinazoonyesha kwamba njia yenyewe imeshindwa. Wajapani wamefanya uchunguzi wa somo wa namna hii kwa zaidi ya karne moja, bila intaneti.

Mtandao humwondolea tu mwalimu wa Dandora haja ya kupanda matatu mbili ili akutane na mwenzake wa Kibra. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na hapo matangazo hupita vizuri. Lakini ni nani, mbele ya umati huo, atakayekiri kwamba somo lake la Jumanne halikueleweka?