Kuzamia Komoro, kisha Kilimanjaro: geuzeni ratiba

Nimeletewa tena ratiba ile ile: kuzamia siku kadhaa mfululizo kisiwani Mwali, Komoro, kurudi kwa ndege kupitia Dar es Salaam, kulala Moshi usiku mmoja, na asubuhi kuanza kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Mwenye ratiba alikuwa na jibu tayari: kompyuta yake ya kuzamia imekwisha kuondoa alama inayokataza kupanda ndege, na mlima haurukwi.

Sina ugomvi na Mwali. Bahari yake, iliyohifadhiwa tangu mwaka 2001, bado haijachakazwa na wageni, na kasa wa Itsamia wanatosha kumsahaulisha mtu tarehe ya kuondoka. Ugomvi wangu ni na alama hiyo. Kinachodhuru ni kupungua kwa mgandamizo wa hewa wakati nitrojeni ya kuzamia ingali imeyeyuka mwilini, kwani hapo hutoka kama viputo; na ndani ya ndege ya abiria mgandamizo hudhibitiwa usipungue kuliko ule wa mwinuko wa mita 2,400 hivi. Kambi ya Machame, unapolala usiku wa kwanza, imepita mita 2,800; kambi ya Barafu inakaribia mita 4,700, na kileleni, mita 5,895, mgandamizo ni takriban nusu ya ule wa pwani. Huko hakuna rubani wa kukuongezea hewa.

Zile saa 18 ambazo mzamiaji wa siku kadhaa huambiwa asubiri kabla ya kupanda ndege zimo katika mwongozo wa wazamiaji wa mwaka 2002, ulioegemea majaribio ya watu waliopumzika ndani ya chemba kavu, yaani chumba cha kubadilishia mgandamizo, si ya mtu anayehema kwenye ukuta wa Barranco, mwamba wa kukwea katika njia ya Machame. Ninapomwambia mteja asubiri siku mbili au tatu ninakadiria tu kwa tahadhari, wala sina jedwali la kuitetea tarakimu hiyo. Maji mengi hayaoshi nitrojeni, tangawizi vilevile.

Kinachonikera zaidi ni dalili. Mwongozaji akiona kizunguzungu na uchovu wa kupita kiasi atasema ni ugonjwa wa mwinuko, na hana kosa, maana hakuna aliyemweleza kwamba mteja wake juzi alikuwa chini ya maji. Maumivu ya bega yatasingiziwa begi. Kuteremshwa kutamsaidia, lakini mwenye viputo anahitaji oksijeni na chemba ya tiba, na ule mfuko wa mgandamizo wa kumlaza mgonjwa wa mwinuko unaobebwa na baadhi ya kampuni za mlima hautoshi.

Basi pandeni kwanza, mpumzike Moshi hadi miguu ikubali kushuka ngazi, ndipo mwende Komoro. Nyangumi hufika huko kati ya Julai na Oktoba, miezi ambayo mlima nao huwa mkavu. Saa 18 mtazisubiri kabla ya ndege ya kurudi.