Kata ya Mariano Rivera: mkono uleule, mpira uleule

Kuna kijana wa miaka kumi na minne namfundisha kurusha mpira wa besiboli pale uwanja wa Azania, Upanga. Kila akitaka mpira upinde, anakunja kifundo cha mkono kama mtu anayefungua koki ya bomba. Mpira unapinda kweli. Lakini mpigaji makini anauona ule mkunjo kabla mpira haujatoka mkononi, na ikifika jioni kiwiko cha kijana kinamuuma. Jumamosi nilimkalisha chini nikampa chungwa, nikaanza kumweleza habari za Mariano Rivera, mrushaji wa zamani wa timu ya New York Yankees. Muda haukutosha, kwa hiyo naendelea hapa.

Nilimjua Rivera nikifanya zamu ya usiku mapokezi kwenye nyumba ya wageni Sinza. Mechi za jioni za New York kwetu zinaanza saa nane usiku, na ngwe ya tisa, yaani ya mwisho, inaangukia karibu na adhana ya alfajiri. Huo ndio ulikuwa muda wake. Timu ya Yankees ikiwa inaongoza kwa pointi chache, mlango wa nyuma unafunguliwa, anatoka mtu mwembamba, anakimbia taratibu hadi kilimani, kile kichuguu anachosimama mrushaji. Anarusha mpira wa aina moja tu, ule wa kasi unaopinda kidogo mwishoni, uitwao kata, na kila mpigaji anajua utakuwa huo. Bado hawaupigi. Sikuelewa, na usiku ule sikulala hata baada ya zamu kuisha.

Sasa lile chungwa. Chukulia kikonyo ndicho mshono wa mpira. Mpira wa besiboli una mishono 108 ya uzi mwekundu, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinakaa kukatisha mshono huo. Hivyo ndivyo unavyoshika mpira wa kasi wa kawaida. Kwa kata, visogeze kidogo sana upande wa nje, kisha uzito uache kwenye kidole cha kati. Kifundo usikiguse. Rusha kama unavyorusha siku zote, kwa nguvu zako zote, na kidole cha kati ndicho kiwe cha mwisho kuuaga mpira. Basi. Kidole hicho kimoja kinaulaza kidogo mhimili wa mzunguko, na hewa inafanya kazi iliyobaki.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba mzunguko wenyewe unabaki karibu sawa na wa mpira ulionyooka. Wapigaji hodari husoma mpira kwa rangi ya uzi: mpira wa kupinda huonyesha kidoa chekundu ukiwa hewani. Kwa Rivera kidoa hicho hakikuonekana. Kutoka kilimani hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, na mpira wake ulikaribia kilomita 150 kwa saa, kwa hiyo mpigaji ana chini ya nusu sekunde, na sehemu kubwa ya muda huo inaishia kwenye kuamua tu. Akishaamua, ndipo mpira unapohama. Hauhami sana, upana wa kiganja hivi. Lakini unene wa gongo la kupigia hauzidi sentimita 7, na kwa mpigaji mashoto mpira unaingia ndani, kuelekea vidole vyake, unagonga shingo ya gongo palipo pembamba. Gongo linavunjika.

Kwa kawaida mashoto ndiye mwenye nafuu mbele ya mrushaji wa mkono wa kulia. Kwa Rivera ilikuwa kinyume. Mwaka 1999, kwenye fainali ya Marekani, Ryan Klesko wa Atlanta, mashoto, alivunja magongo matatu katika zamu moja ya kupiga, na wenzake kwenye benchi wakaishia kucheka. Mwaka 2013, Rivera alipokuwa anaaga, timu ya Minnesota ilimpa kiti cha bembea kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika.

Mpira huo aliupata mwaka 1997 bila kuutafuta, wakirushiana na mwenzake Ramiro Mendoza kabla ya mechi. Ulianza kupinda wenyewe, na mwanzoni alijitahidi kuunyoosha, ukagoma. Ni mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama, aliyekuwa akicheza na glavu ya kadibodi, na alikaa Yankees misimu 19, toka 1995. Aliokoa mechi 652, yaani aliingia mwishoni timu yake ikiongoza kwa pointi chache na kuulinda ushindi, idadi ambayo hakuna aliyeifikia. Mwaka 2019 wapiga kura wote 425 walimpitisha kuingia Jumba la Mashujaa wa besiboli. Kabla yake hakuna aliyewahi kupata kura zote.

Lakini video ninayowaonyesha vijana kwanza ni ya Novemba 4, 2001, mechi ya saba ya fainali, dhidi ya Arizona, kwao. Yankees wanaongoza 2 kwa 1, ngwe ya tisa, Rivera kilimani. Mpira mdogo wa kugusa, ambao mpigaji ameugusa tu kwa gongo makusudi, unadondoka mbele yake, anauokota, anaharakisha kurusha beizi ya pili, moja ya vituo ambavyo wakimbiaji hupitia ili kupata pointi, unakwenda kombo. Hilo ni kosa, na litazame vizuri: miguu haikuwa imetulia. Baadaye Tony Womack wa Arizona anasawazisha. Beizi zote zimejaa, walinzi wa ndani wamesogezwa mbele, na anayepiga ni Luis Gonzalez wa Arizona, mashoto.

Rivera anarusha kata. Simamisha video mpira ukiwa unatoka: kiwiko kiko juu, kifundo kimetulia. Iendeleze kidogo, uone mpira unavyoingia mikononi mwa Gonzalez na gongo linavyovunjika, sawasawa na ilivyokusudiwa. Mpira unaruka kivivu, unapita juu ya Derek Jeter, mmoja wa walinzi hao wa ndani, unaangukia kwenye nyasi pale ambapo Jeter angekuwa amesimama kama asingesogezwa mbele. Arizona 3, Yankees 2.

Kijana wangu aliirudisha nyuma mara nne, chungwa likiwa bado mkononi. Halafu akauliza, "Kocha, sasa kwenye huu wa mwisho alikosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea. Akasimama, akavisogeza vidole kidogo upande wa nje, akalirusha lile chungwa ukutani kwa nguvu zake zote, kifundo kikiwa kimetulia.