Je, wajua kwa nini nyota zilichelewa kuthibitisha kwamba Dunia inalizunguka Jua?

Simamisha kidole gumba mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha ubadilishe. Kidole kitaonekana kuhama mbele ya ukuta. Kuhama huko wanaastronomia hukuita paralaksi, na kwa karne nyingi kukosekana kwake angani kulitumika kuwapinga waliosema Dunia inalizunguka Jua.

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Ikiwa Dunia inazunguka, kila baada ya miezi sita tunakuwa upande wa pili wa Jua, kilomita milioni 300 hivi kutoka tulipokuwa. Nyota za karibu zingepaswa kuonekana zimesogea mbele ya zile za mbali. Mbona hazisogei? Aristarchus wa Samos, karne ya 3 kabla ya Kristo, alijibu kwamba ziko mbali mno. Copernicus akajibu vivyo hivyo mwaka 1543.

Tycho Brahe wa Denmark hakuridhika. Bila darubini, alipima nyota kwa usahihi wa takriban dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii, na paralaksi hakuiona. Akapiga hesabu: kama Copernicus amesema kweli, basi nyota ziko mbali angalau mara 700 kuliko sayari ya Zohali. Uwazi mkubwa kiasi hicho aliukataa, akabaki na Dunia iliyotulia katikati, Jua likiizunguka na sayari nyingine zikilizunguka Jua. Mimi simhesabu kuwa mkaidi. Alisimama na vipimo vyake.

Galileo alipoona kwa darubini sayari ya Zuhura ikipevuka na kufifia kama Mwezi, ilidhihirika kwamba inalizunguka Jua. Mfumo wa kale wa Ptolemy, uliosema kila kitu kinaizunguka Dunia, uliporomoka, lakini wa Brahe haukuguswa. Mwaka 1729 James Bradley alieleza jinsi mwendo wa Dunia unavyopotosha kidogo mwelekeo wa nuru ya nyota. Hapo mwendo ulithibitika, ila paralaksi bado.

Hatimaye, mwaka 1838, Friedrich Bessel aliipima kwenye nyota 61 Cygni: theluthi moja hivi ya sekunde, na sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika. Brahe asingeweza kuiona kamwe.

Afrika nayo imo. Thomas Henderson alikuwa ameshaipima Alpha Centauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833. Nyota hiyo, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.3, huonekana vizuri Nairobi na Dar es Salaam, lakini Denmark haichomozi. Henderson alisita kutangaza hadi 1839, na sifa ya kwanza ikamwendea Bessel.